Mwavuli Juu ya Gari la Baba Hadija

Kitangari, Newala
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute barazani, kwenye kile kiti ulichokitoa ndani ya lori lako la pamba siku lilipouzwa kama chuma chakavu, miguu umeinyoosha, na Mama anakusuta kwamba unakaa kama mtu anayesubiri abiria. Goti linaendeleaje? Bado linatangaza mvua kabla ya redio? Mama naye shikamoo. Mwambie ile dawa ya kifua asimgawie jirani, anywe mwenyewe mpaka iishe. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo kwa ajili ya kusahihisha mitihani, si kwa njaa. Huku kuna mihogo, kunde na samaki wakavu, na mama mwenye nyumba wangu haniruhusu kulala bila kula.

Ningeweza kupiga simu. Lakini nikikupigia unaitikia "naam, naam" kwa adabu yote, kisha unampa Mama simu umwulize nimesema nini. Injini ya lori ilikula masikio yako, Baba, na haya nataka uyapate yote, polepole, kwa macho yako mwenyewe. Yanahusu gari. Katika watu wote ninaowajua, wewe peke yako hutanicheka kwa kuandika barua nzima kuhusu gari.

Ninapopanga ni kwa Baba Hadija, mkulima wa korosho. Mke wake ni Mama Hadija, na Hadija mwenyewe ameolewa Mtwara. Ndani ya nyumba yupo pia Sharifa, binti wa marehemu dada yake Baba Hadija. Ana umri wa wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, mpole, anacheka kwa kuziba mdomo. Mama yake alifariki mwaka jana. Usishangae kwamba yuko kwa mjomba na si kwa baba yake. Huku kwa Wamakonde, baba wa mtoto ni mgeni anayeheshimiwa sana. Mwenye mtoto ni mjomba. Mjomba ndiye anayeamua asome wapi, aolewe na nani, na siku ya kutoka unyagoni ni yeye anayesimama mbele za watu.

Msimu huu korosho zilikubali. Zikikubali, uwanda mzima hubadilika sura: mabati mapya yanameta katikati ya mikorosho, kila kijana ana simu ya kioo kikubwa, na pikipiki zenye nailoni bado kwenye viti. Baba Hadija akanunua gari. Hajui kuendesha. Hajawahi hata kumiliki baiskeli yenye breki mbili. Kwa wiki kadhaa alikaa ukumbini na simu yake, anapitisha kidole kwenye picha za magari kutoka Japani, na kila picha anamwonyesha mkewe, anamwuliza:

"Hili lina tundu?"

"Halina."

"Basi siyo."

Sikuelewa tundu gani. Kwangu tundu kwenye gari ni kasoro, kumbe yeye ndilo alilokuwa analitafuta.

Gari lilipofika Masasi aliniomba twende kulichukua, kwa kuwa nina leseni, ile uliyonilazimisha niipate kabla sijapata cheti cha ualimu. Wakala alikuwa amelilaza uani kwake kule Lisekese. Baba, ile milima ya mawe ya Masasi hunikumbusha kwetu kila ninapoiona, mawe juu ya mawe kana kwamba mtu aliyapanga akaitwa kula. Chini yake ndipo gari lilipokuwa, jeupe, limefunikwa turubai. Wakala alipolifunua, Baba Hadija alivua kofia. Aliivua kimya, kama mtu anayeingia msikitini.

Halina funguo ya kuchomeka. Unaweka mfukoni kitu kidogo kama kipande cha sabuni, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe. Nikabonyeza. Vioo vikawaka, na sauti ya mwanamke ikasema maneno ya Kijapani, kwa upole sana. Mama Hadija, aliyekuwa ameshakaa kiti cha nyuma na kikapu chake, akaitika, "Marahaba, mwanangu." Tulicheka mpaka wakala akalazimika kutusubiri. Kisha nikangoja injini iwake. Nikangoja. Nikamwambia wakala, "Halijawaka." Akasema, "Limewaka zamani, Mwalimu."

Nilitaka kulia, Baba. Kuna injini siku hizi ambayo haitamla mtu masikio. Nilikaa pale nimeshika usukani, nikafikiri kuhusu miaka yako yote barabarani, na nikaona aibu kidogo kwamba mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti kile na si wewe.

Nikaingiza gia ya kurudi nyuma, na nyuma ikaja mbele: kwenye kioo kilichopo karibu na usukani nikauona uwanja wote wa nyuma yetu, kuku, ndoo, mguu wa wakala, na mistari ya rangi inayopinda kila ninapopinda. Wewe ulikuwa unatoa kichwa dirishani huku utingo anapiga bodi kwa kiganja, "Rudi! Rudi! Bado!" Sasa mashine inakuwa utingo. Inalia ukikaribia ukuta, ukikaribia zaidi inalia kwa haraka, na haijawahi kulewa.

Wote tukafunga mikanda. Mama Hadija alikataa kwanza, akasema yeye si mbuzi wa kupelekwa mnadani, lakini gari lilipiga kelele mpaka akajifunga. Nikamwomba Baba Hadija aizime simu yangu, aitie kwenye kile kisanduku cha mbele. Akashangaa. "Simu yako imekukosea nini?" Nikamjibu kama ulivyokuwa ukituambia sisi, kwamba dereva ana macho mawili tu na yote yana kazi.

Kabla hatujaanza kupanda kuelekea Newala, mbuzi alikatiza. Mguu wangu ulikuwa njiani kuelekea breki, nakuapia, lakini gari halikunisubiri. Lilifunga breki lenyewe. Tulirushwa mbele sote, mikanda ikatukamata vifuani, kikapu cha Mama Hadija kikaruka kikapiga kioo cha mbele na nyanya zikapasuka kila mahali. Mbuzi akatutazama, akaenda zake. Kisha Baba Hadija akauliza taratibu, "Nani kakanyaga?" Nikasema, "Hakuna mtu." Akaligusa gari sehemu ile ya mbele kwa vidole, kama unavyomgusa ng'ombe usiyemjua.

Nilifundisha jambo hili mwezi huo huo, darasani, kwa chaki: kitu kilicho kwenye mwendo hutaka kuendelea na mwendo wake. Nimechora vishale vingi ubaoni. Sikuwahi kuyaona maneno hayo yakiwa nyanya. Mama Hadija alikuwa anafuta kioo kwa kitambaa, na mimi nilikuwa nafikiri: gari hili ni aminifu kuliko dereva yeyote, lakini lina imani moja. Linaamini kwamba kila aliyemo amejifunga.

Tulianza kupanda. Baba Hadija alikuwa ameunganisha simu yake na gari kama wakala alivyomwelekeza, ili tusikie nyimbo. Akawa anabonyeza huku na kule, anatafuta. Ghafla sauti ya mwanamke ikajaa gari zima, ikitoka milangoni, juu, nyuma ya shingo zetu, karibu kama mtu aliyeketi nasi. Haikuwa Kijapani.

"Kaka, salfa imekwisha huku, mikorosho ya bondeni haijapuliziwa. Niletee. Na lile la mwanangu, Kaka, nisipokuwepo usimtoe kinyonge. Atoke chini ya mwavuli. Watu wauone mwavuli."

Kikafuata kikohozi, na mlango wa mbali unafungwa, na basi.

Nilisogeza gari pembeni, nikasimama. Ilikuwa sauti ya dada yake, ujumbe aliomtumia alipokuwa mgonjwa. Baba Hadija alikuwa na simu mapajani na hakuigusa tena. Mama Hadija alisema, "Amesema vizuri sana. Kama yupo." Chini yetu nchi yote ilikuwa imelala wazi, misitu na mashamba mpaka macho yanapochoka, na mawe ya Masasi yamekuwa madogo kama mafiga. Sijui nilikuwa nastaajabia kipi. Urefu ule, au kwamba chombo cha kuchezea nyimbo kimeihifadhi pumzi ya mtu, pamoja na kikohozi chake, na kututolea katikati ya mlima.

Ndipo akaniambia habari ya tundu. Akabonyeza kitu juu ya vichwa vyetu, kipande cha paa kikateleza nyuma kikaacha tundu, na mbingu ikaingia ndani ya gari.

Mwali akitoka unyagoni huku, Baba, anafunikwa mwavuli. Amepakwa mafuta, amevaa mapya, macho yako chini, hasemi na mtu. Mwavuli haufungwi mpaka aketi kwenye mkeka wa kwao. Zamani alibebwa mabegani. Siku hizi wanakuja na pikipiki, na wenye nacho wanakuja na gari. Lakini mwavuli haufunguki ndani ya gari. Kwa hiyo watoto wanakalishwa madirishani, nusu ndani nusu nje, au wanapakiwa nyuma ya gari la mizigo. Baba Hadija alilifikiria jambo hilo msimu mzima, akapata jibu lake: Sharifa atasimama kwenye kiti, atatokeza juu ya paa kuanzia kiunoni, na somo wake, mwanamke anayemfunda, atamshikia mwavuli. Hakuna mwali wa Kitangari aliyewahi kutoka hivyo.

"Kila mtu atauona," alisema. Uso wake ulikuwa umekunjuka kama wa mtoto. Nikasema gari ni zuri sana. Sikusema zaidi, maana sauti ile ilikuwa bado ndani ya gari.

Nilisema siku ya pili yake, mchana, uani. Nilikuwa nimewaza kiasi cha kushindwa kula.

"Baba Hadija, naomba Sharifa asisimame kwenye tundu."

Akacheka. "Asimame wapi? Mwavuli utafunguka kwenye kiti?"

Nikamkumbusha mbuzi. Nikamkumbusha kikapu. Nikamweleza kwamba ngoma itakuwa mbele yetu, pikipiki zitakatiza, na gari likiona mtu karibu litafunga breki bila kumwuliza yeye wala mimi. Sisi tutakamatwa na mikanda. Sharifa hatakamatwa na kitu.

Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Mwalimu, sikiliza. Mimi nilinunua tundu. Gari limekuja kama nyongeza."

"Msikilize," Mama Hadija akasema kutoka jikoni. "Huyu ndiye mwenye leseni."

"Leseni anayo yeye. Mpwa ninaye mimi."

Shabani alikuwepo. Ni mpwa wake mwingine, wa kiume, anaendesha bodaboda, ana moyo mzuri na hana breki, si kwenye pikipiki wala mdomoni. Akaruka: "Mjomba, usihangaike! Mwalimu akiogopa naendesha mimi. Mkono mmoja kwenye usukani, mkono mmoja nawarusha watu laivu. Mtandao mzima utajua Kitangari kuna nini!"

Baba, hapo ndipo nilipokwama. Nikikataa kuendesha, mikono yangu itakuwa safi na mtoto atakuwa juu ya paa huku Shabani anajitazama kwenye simu. Nikikubali, basi nimekubali. Nilikaa chumbani nikakutafuta kichwani mwangu. Nikakumbuka tajiri wa pamba alipokuamuru upakie watu juu ya marobota, na ulivyomjibu: "Usukani haumjui mwenye lori. Unamjua aliyeushika." Ulimwambia ukiwa umeushika. Hukumwambia ukiwa umeshuka. Nikatoka nikasema nitaendesha.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, vumbi limelala, majani ya mikorosho yanametameta. Tulikwenda na gari hadi kwenye nyumba ya unyago, nje kidogo ya kijiji. Ngoma zilianza kabla hatujafika. Familia nyingine, watu wenye asili ya kijiji cha Mnyambe, walikuwa wameshatangulia na gari la mizigo lenye spika kubwa, na mwali wao juu ya sofa, nakuapia, sofa. Baba Hadija alikunja uso alipoliona.

Wakamleta Sharifa. Sikumtambua. Ngozi inang'aa mafuta, kanga mpya, shanga, na macho yametazama chini kana kwamba kuna kitu ardhini anachokisoma. Bi Somoe, somo wake, mwanamke mnene mwenye sauti ya amri, akampandisha kwenye kiti cha nyuma, paa likafunguka, wakatokeza wote wawili. Mwavuli ukafunguka juu ya gari, mwekundu wenye pindo la dhahabu. Wanawake wakapiga vigelegele ambavyo nilivisikia mpaka kwenye meno. Na mimi pia, Baba, na woga wangu wote, nilitetemeka kwa uzuri wa kitu kile. Kwenye vioo vya duka nililolipita nikatuona: gari jeupe, mwavuli mwekundu, na mtoto katikati kama kitu kilichoota.

Baba Hadija alikuwa kando yangu na simu mkononi, anaongea kwa picha na ndugu walioko Dar es Salaam. "Mnaona? Mnamwona?" Ngoma ilikuwa mbele, watoto pembeni, na Shabani juu ya pikipiki anazunguka kama nyuki, simu moja mkononi. Nilikwenda kama konokono.

"Ongeza kidogo, Mwalimu," Baba Hadija akasema. "Watu wa Mnyambe wanatuacha."

Watu wakapiga ubavu wa gari. "Kanyaga! Kanyaga, Mwalimu!"

Shabani akakatiza mbele. Gari likalia. Nilikuwa nimeshagusa breki kabla yake, kidogo tu, kwa upole wote ninaoujua, na nikatazama kwenye kioo cha ndani.

Sikumwona Sharifa. Niliona miguu yake tu, maana mwili wake wote ulikuwa juu, kwenye sherehe, chini ya mwavuli. Juu alikuwa mwali, ametulia, macho chini, hasemi. Lakini vidole vya miguu vilikuwa vimekunjika vikashika ngozi ya kiti kama kuku aliyelala juu ya fito. Mwali haruhusiwi kusema kwamba anaogopa, Baba. Haruhusiwi kusema chochote. Miguu peke yake ndiyo haikuwa imefundwa.

Nilisimamisha gari. Nikazima. Nikachukua ile funguo isiyo funguo, nikaifunga kwenye pindo la kanga niliyojifunga kiunoni.

Usiombe kusimamisha gari katikati ya ngoma ya wenyewe. "Limekufa!" "Limekwisha mafuta!" "Gari kubwa, tumbo dogo!" Bibi mmoja akachungulia dirishani, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Korosho zote zile, kumbe mmenunua kivuli!" Shabani akaja anahema. "Mwalimu, nipe mimi. Nipe, kabla hatujaaibika!" Na kutoka kwenye simu sauti ya Dar es Salaam ikauliza, "Kaka, mbona picha imeganda?"

"Si picha," Baba Hadija akajibu. "Ni gari." Akaniangalia. Sijawahi kumwona na macho yale. "Mwalimu. Unanifanyia hivi leo?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi na yote yalikimbia. Nikasema tu, "Usinitazame mimi, Baba Hadija. Tazama miguu."

Alidhani nimechanganyikiwa. Kisha akageuka kwenye kiti chake, akainama kati ya viti viwili, akatazama. Akakaa vile kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Simu aliilaza kifudifudi kwenye goti, na ndugu wa Dar es Salaam wakaendelea kuita gizani.

"Sharifa," akasema. "Unaogopa?"

Halafu nikamwona anakumbuka kwamba mwali hajibu. Akanyoosha mkono, akauweka kwenye kiti, kiganja juu, karibu na mguu wa mtoto. Hakuushika. Aliuweka tu. Na vile vidole vikaachia ngozi ya kiti, kimoja kimoja, vikapanda juu ya kiganja cha mjomba wake, vikakishika.

Baba Hadija alishuka garini bila viatu. Akawanyamazisha wapiga ngoma. Shabani akasema, "Mjomba, watu wanangoja gari!" Na Baba Hadija akasema kwa sauti ambayo hata wewe ungeisikia:

"Dada yangu alisema watu wauone mwavuli. Hakusema watu waone gari."

Wakamshusha Sharifa kupitia lile tundu, lakini mwavuli uliofunguka haukuweza kupita humo. Bi Somoe akiwa juu bado, akaulaza nje ya paa bila kuufunga, akampokeza Baba Hadija, na watu wakapiga kelele kana kwamba ni sehemu ya ngoma iliyokuwepo tangu zamani. Baba Hadija akaushika yeye mwenyewe. Mjomba kushika mwavuli si kawaida. Nilisikia wazee wakinong'ona. Akasimama upande wa mpwa wake, na wakaanza kutembea, yeye peku kwenye udongo wenye maji, kanzu yake nyeupe ya siku hiyo ikipata matope mpaka magotini.

"Mwalimu," akanigeukia. "Tulinde nyuma."

Nikawasha. Nikawasha taa zote nne za kuonya, nikawafuata.

Baba, nimeendesha lori lako nikiwa mapajani mwako, miguu yangu bado haifiki chini. Nimepanda mlima wa Newala na gari lisilo na sauti. Lakini sijawahi kuendesha kama nilivyoendesha siku ile, kwa mwendo wa mtoto anayetazama chini. Chini ya mguu wangu kulikuwa na nguvu ya kutufikisha Masasi kabla chai haijapoa, na kazi yangu yote ilikuwa kutoitumia. Niliishikilia kama unavyoshika yai. Gari lililia kila mtoto alipokatiza, na mimi nilisimama, nikaanza tena. Pikipiki zote zilibaki nyuma yangu, hazina njia. Mbele, mwavuli mwekundu ulikwenda juu ya vichwa vya watu, ukiyumba kidogo, na watu walitoka majumbani kuutazama. Hakuna aliyelitazama gari. Shabani aliendelea kupiga picha, ila kwa miguu sasa, akirudi kinyumenyume mbele ya mwali, mpaka akaanguka kwenye mtaro na simu yake, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mtandao umeipenda.

Sharifa aliketi kwenye mkeka wa kwao, na mwavuli ukafungwa.

Yule bibi wa dirishani alinipitia baadaye, akaniwekea kipande cha kuku mkononi. Hakuomba radhi. Alisema, "Kumbe unajua kutembea." Watu wa Mnyambe walifika mapema, na sofa yao, salama, sitaki kusema uongo kwamba walipatwa na lolote. Na wapo wanaosema mpaka leo kwamba mgeni wa kutoka Usukumani amelidhalilisha gari la watu. Baba Hadija hakunisemesha siku mbili. Mwavuli na tope ni jambo moja, lakini lile tundu alilipenda kweli, Baba, na nadhani alikuwa anaomboleza.

Leo asubuhi, baada ya chai, alinigongea. Alikuwa amevaa viatu vya kufunga kamba.

"Mwalimu. Nataka kujua unachokijua."

Tukaenda uwanja wa mpira, hakuna mtu, mbuzi wawili tu kwenye goli la mbali. Nikamweka kwenye usukani. Akajifunga mkanda mwenyewe, akaitoa simu mfukoni, akaitazama kidogo, akaniwekea mkononi. Sharifa alikuwa nyuma, amefunga mkanda, sasa anaruhusiwa kusema na hanyamazi: "Mjomba, usibane usukani, si jembe!" Akabonyeza kitufe. Nikamwambia aachie breki, basi, asikanyage kitu kingine.

Gari likasogea. Hatua chache tu, kwenye nyasi. Kisha akakanyaga breki, nalo likatii, likasimama. Alikaa mikono yote kwenye usukani, jasho linamtoka, anatazama chini kwenye viatu vyake.

"Lote hili," akasema. "Mwalimu, lote hili linaungoja mguu wangu."

Kisha akajifuta jasho, akasema, "Tena," na tukaenda tena, polepole, mpaka mwisho wa uwanja.

Nisalimie Mama, umwambie kanga aliyonipa ndiyo iliyofungiwa funguo. Nisalimie kaka yangu Masanja, na umwambie kwa niaba yangu kwamba pikipiki haina mkanda wala breki inayofikiri, kwa hiyo avae kofia hata akienda dukani, na atoe vile vya masikioni anapoendesha. Shangazi Kabula, mfumaji wetu wa ungo, shikamoo nyingi. Mdogo wangu Nyanzala, aliye kidato cha pili, mwambie vishale vya fizikia si vya ubaoni tu. Na Babu Magembe, utingo wako wa zamani, umwamkie kwa kupiga bodi mara mbili, ataelewa.

Baba Hadija anakuamkia. Ameuliza kama baba yangu anaweza kumwandikia yale aliyonifundisha, kwa kuwa mimi, anasema, namwonea huruma.

Binti yako anayekupenda,
Mbula